Seva Ikigoma, Soma Skrini Kwanza

Leo tuizungumzie ile mashine inayokaa chini ya meza ya mhasibu, au kwenye kile chumba cha stoo chenye feni moja, ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka siku inayogoma. Wenyewe wanaiita seva. Humo mna mishahara, madeni ya wateja, hesabu ya dawa, alama za wanafunzi, na programu ya uhasibu ambayo aliyeifunga alishahama mji. Jumatatu asubuhi watu wanafika kazini, kompyuta zao zinawaka vizuri, lakini programu haifunguki. Mmoja anakwenda kuichungulia seva, anarudi na jibu la neno moja: haiwaki.

Ninalotaka kulisema nalisema mapema, ili umeme ukikatika hapo ulipo usilikose. Simu ya kumwita fundi inapopigwa, mara nyingi data bado ipo. Hupotea baadaye, katika lile hangaiko la mwanzo: diski zinachomolewa na kurudishwa ovyo, kadi inauliza swali kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo. Diski nyingi zinazozikwa zilikuwa na uhai zilipofika mezani.

Hiyo kadi ni kadi ya RAID. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala wakitetea wazo kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, unaweza kuunganisha diski ndogo nyingi za bei nafuu, ukaweka na data ya ziada, ili mojawapo ikifa kazi iendelee. Tangu hapo ziko aina kadhaa. RAID 1 ni diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile. RAID 5 inahitaji diski tatu au zaidi, na inafanya hesabu: diski ya kwanza ina 7, ya pili ina 5, ya tatu inawekewa jumla yake, 12. Ya pili ikifa, kadi inatoa 7 kwenye 12 na kuipata 5 yako. Hesabu yenyewe hasa hufanywa kwa biti, lakini maana ni hiyo. RAID 6 inavumilia vifo viwili. Na RAID 0 haivumilii hata kimoja. Anayeiweka kwenye seva ya ofisi ana ujasiri ambao mimi siutamani.

Kadi yenyewe ni karani wa masijala. Mafaili yamo kabatini, yaani kwenye diski, lakini yeye ndiye ajuaye ukurasa wa kwanza uko droo ipi na wa pili droo ipi. Windows haizioni diski nne. Inaona diski moja kubwa ambayo kadi inadai ipo. Ndiyo maana diski moja ya RAID 5 ukiichomeka kwenye kompyuta ya kawaida utaambiwa ni tupu, uiformati. Si tupu. Usiiformati.

Sasa turudi kwenye lile jibu la haiwaki. Fundi anayejua kazi halikubali hivihivi. Atauliza: feni zinazunguka? Taa za diski ni za rangi gani? Skrini ina maandishi, na yameishia wapi? Seva ya namna hii hubuti kwa hatua. Ubao mama unajikagua. Kisha kadi inajitambulisha, inahesabu diski zake na kueleza ilichokiona. Hapo ndipo mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, unapoitwa kutoka kwenye diski. Seva mpya zenye UEFI hazijitangazi waziwazi hivyo, taarifa za kadi unazikuta ndani ya menyu ya mipangilio, lakini hatua ni zilezile. Pale inapoishia ndipo penye ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, toa simu yako uipige picha skrini. Maandishi yakipita haraka, rekodi video. Picha hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo yako yote.

Tuseme kadi haijitokezi kabisa. Skrini inapita moja kwa moja mpaka kwenye lile tangazo la kwamba hakuna diski ya kubuti. Hapa usiwaze diski kwanza. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, itoe kadi kwenye nafasi yake, ondoa vumbi, irudishe mpaka ikae sawasawa, kagua kebo pande zote mbili. Kuna sheria moja ambayo imewaokoa wengi: diski moja ikipotea, ishuku diski, diski zote zikipotea kwa pamoja, shuku kebo, umeme au kadi. Diski nne hazikubaliani kufa dakika moja, isipokuwa kwa kisa kimoja nitakachokusimulia baadaye.

Na joto, msikilizaji. Kadi hizi zimetengenezwa zikae ndani ya seva zenye feni za kupiga kelele, hewa ikipita juu yake muda wote. Mtu anaichukua, anaiweka kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, ndani ya stoo isiyo na kiyoyozi, mwezi wa Februari. Asubuhi inafanya kazi. Saa nane mchana inadondosha diski, yaani inaihesabu kuwa imekufa. Wakifika mafundi jioni wanaikuta nzima. Ukiona ugonjwa unaofuata saa, weka feni kabla hujaagiza diski mpya.

Wengine hawana kadi kabisa, RAID yao imo kwenye ubao mama. Hao wana adui mdogo kama kipande cha shilingi: betri bapa ya CR2032. Ikiisha, mashine inasahau mipangilio yake na kurudi kwenye ile ya kiwandani, ambayo huenda haina RAID. Dalili yake ni tarehe kurudi nyuma miaka mingi. Ukiona hivyo, badilisha betri, ingia kwenye mipangilio, rudisha RAID, kisha ndipo uiruhusu mashine iendelee. Ukiiacha ibuti bila RAID, na ikabuti kweli kutoka kwenye moja ya zile diski mbili pacha, basi kuanzia dakika hiyo pacha wako wana data mbili tofauti.

Sasa hatua ya pili, ambako kadi inazungumza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo maafa mengi yanapotokea.

Kadi za jamii ya LSI, pamoja na zile ambazo Dell wanaziita PERC, zina ujumbe mmoja maarufu. Zinasema zimeona mpangilio ambao si wao. Neno utakaloliona ni Foreign, yaani wa kigeni. Kisha zinakupa njia: bonyeza F uupokee mpangilio huo, au C uingie kwenye menyu ya kadi. Mtu akisoma neno hilo anadhani kirusi kimeingia. Hapana. Kadi huandika maelezo ya mpangilio ndani ya diski zenyewe. Diski iliyochomolewa na kurudishwa, au kebo iliyolegea ikashikwa tena, au kadi iliyobadilishwa, yote haya yanaifanya kadi ione maelezo yasiyolingana na kumbukumbu yake, nayo inauliza kwa uungwana tu. Kama diski zote zipo na zilikuwa zikifanya kazi pamoja hadi jana, kuupokea ndiyo njia. Lakini ingia kwanza kwenye menyu uangalie kile inachotaka kukipokea; kadi inakuonyesha kabla ya kutekeleza. Ikionyesha diski tatu na wewe unajua ulikuwa na nne, simama.

Ndani ya menyu hiyohiyo kuna chaguo la kuufuta mpangilio wa kigeni. Linavutia, kwa sababu linaondoa ujumbe wa kukera. Ukilichagua, data haijafutika bado, ila ramani yake imefutika, na kadi sasa inazitaja diski zako kuwa ziko tayari kutumika, kama zimetoka dukani leo. Fundi mwenye haraka anaunda mpangilio mpya. Kadi inamwuliza, ianzishe upya? Neno lenyewe ni Initialize. Anakubali. Hata ule uanzishaji wa haraka huandika sifuri mwanzoni na mwishoni mwa diski, na mwanzoni ndipo penye orodha ya sehemu za diski. Ule wa kina huandika sifuri kila mahali. Baada ya huo hakuna fundi, si wa Kariakoo, si wa California.

Ujumbe mwingine unasema kuna data iliyobaki kwenye kumbukumbu ya kadi, mali ya diski zisizoonekana, na kwamba ukague kebo na kuhakikisha diski zote zipo. Watu wanausoma hadi mwisho, wanatafuta kitufe cha kuupita. Mimi ningeshauri ufanye unavyosema: kagua kebo.

Halafu kuna hili la diski mbili. RAID 5 ya diski nne. Diski namba mbili ilidondoka mwezi wa tatu. Kadi ikalia, maana nyingi zina king'ora kidogo ndani, na kinachofuata king'ora ni mtu kutafuta namna ya kukinyamazisha. Kazi ikaendelea kwa diski tatu, na hakuna aliyejua. Mwezi wa sita ikadondoka namba sifuri, na seva ikasimama. Fundi anaona mbili nyekundu. Menyu inamruhusu kuilazimisha diski irudi kazini. Airudishe ipi? Akirudisha namba mbili, anachanganya data ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa sita, na Windows ikijaribu kurekebisha mafaili juu ya mchanganyiko huo, inaukamilisha uharibifu. Ya kurudisha ni iliyodondoka mwisho. Kadi ina daftari la matukio lenye tarehe na saa. Lisome, na uandike namba za diski kwenye karatasi kabla hujagusa hata moja. Bandika utepe kwenye kila diski: sifuri, moja, mbili, tatu. Kazi ya dakika mbili.

Na hata hiyo sahihi usiilazimishe kabla ya kuinakili. Ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, ya Linux, ambayo husoma kwanza maeneo mazima ya diski, inaruka yale mabovu, kisha inayarudia polepole, huku ikiandika ramani ya ilipofikia. Diski inachomekwa kwenye mlango wa kawaida, si kwenye kadi ya RAID, na haiandikwi kitu. Zingatia mpangilio wa amri: kwanza chanzo, kisha lengo, kisha ramani. Ukivigeuza vile viwili vya mwanzo unamwaga diski tupu juu ya diski ya mteja. Na kama diski ni za SAS, aina itumikayo kwenye seva, mlango wa kawaida wa SATA hautazipokea, ingawa kadi ya SAS huzipokea za SATA. Diski inayogonga, tak, tak, tak, hiyo izime, wala usiifungue kifuniko.

Hatua ya tatu naipita haraka. Kadi imetaja kila kitu kuwa kizima, lakini Windows inatoa skrini ya bluu yenye namba 0x7B. Maana yake mfumo umeanza kisha ukashindwa kuifikia diski yake, na mara nyingi ni draiva ya kadi, hasa kama kadi imebadilishwa kwa aina nyingine. Wakongwe wa kazi hii wanakumbuka enzi za Windows XP, kubonyeza F6 na kutafuta flopi. Linux nayo itasimama ikisema haioni mzizi wake, kwa sababu hiyohiyo. Kabla ya yote hayo, angalia kama kuna flashi iliyosahauliwa imechomekwa nyuma ya mashine, maana mara nyingine ugonjwa ni huo tu. Na kama umeongeza diski mpaka jumla ikavuka terabaiti mbili, kumbuka kwamba ule mpangilio wa zamani wa MBR hauhesabu zaidi ya hapo. Kadi nyingi zinakuruhusu kumega kipande kidogo cha kubutia na kuacha kingine cha data.

Nilikuahidi kisa cha diski kufa kwa pamoja. Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD za SAS zilikuwa na kasoro kwenye programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, zinakufa, wala data yake hairudi. Saa hizo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Sasa fikiria: seva inanunuliwa na diski zake zote zikiwa mpya, zinawashwa siku moja. Zinatimiza saa hizo siku moja. RAID 1, RAID 5, RAID 6, yoyote uipendayo, haina la kufanya. Dawa ilikuwa kusasisha programu hiyo kabla ya saa kutimia. Kwa hiyo ukinunua seva iliyotumika, na wengi wetu huku tunanunua zilizotumika, soma saa za diski kupitia taarifa za SMART, na uangalie toleo la programu yake ya ndani.

Hata bila kasoro, diski zilizonunuliwa pamoja huzeeka pamoja. Moja ikifa na ukaweka mpya, zile nyingine zinasomwa mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Diski ya terabaiti 10, kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde, inachukua karibu saa 14 kama seva haina kazi nyingine, nayo huwa nayo. Ndiyo kazi nzito kuliko zote walizowahi kupewa hao wazee. Fanya chelezo, yaani nakala ya akiba, kabla ya kuanza kuijenga upya. Na diski unayoiweka iwe ya seva: ile ya bei nafuu ya mezani ikikutana na eneo bovu hung'ang'ana nalo, wakati mwingine zaidi ya dakika, ilhali diski iliyotengenezwa kwa RAID hukata tamaa kwa sekunde 7 hivi na kuiachia kadi ifanye hesabu. Kadi ikisubiri sana inaitangaza diski kuwa imekufa. Ndiyo siri ya zile diski zinazodondoka kila wiki na kupimwa nzima.

Limebaki la umeme, na hili ni letu hasa. Ili iwe na kasi, kadi hupokea data kwenye kumbukumbu yake ya muda na kuiambia seva kwamba imeshaandika, ilhali bado. Umeme ukikatika katikati, betri iliyo juu ya kadi huishikilia data hiyo mpaka urudi. Zilizo mpya zaidi hutumia kapasita na kumbukumbu isiyohitaji umeme. Betri hizo huchoka, na joto huzichosha mapema. Kadi yenye akili ikiona betri imekufa inaacha mchezo huo na kuandika moja kwa moja, polepole. Ofisi inalalamika kwamba programu imekuwa nzito. Anakuja mjuaji, anaingia kwenye menyu, anailazimisha kadi itumie kumbukumbu ya muda hata bila betri. Kasi inarudi, anasifiwa, analipwa. Umeme unaofuata kukatika unakwenda na mafaili, na yeye hayupo kwenye picha. Nunua betri. Na UPS iliyo chini ya seva isiwe ile ambayo pasi ya mtu imechomekwa.

Kadi yenyewe ikifa, tafuta ya jamii ileile. Hapa majina yanachanganya kidogo: LSI ndiyo iliyotengeneza kadi nyingi zilizouzwa kwa majina ya wengine, ikanunuliwa na Avago mwaka 2014, nayo Avago ikainunua Broadcom mwaka 2016 na kulichukua jina hilo. Kwa sababu ramani imo ndani ya diski, kadi ya jamii hiyo mara nyingi itazitambua. Kadi ya kampuni nyingine haitazitambua. Na ukiniuliza mimi, ofisi ya watu kumi haihitaji kadi. Linux ina RAID yake ya bure ndani ya mfumo, na diski zake zinasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux. Anayekuuzia kadi hatakwambia hivyo.

Wala RAID si chelezo. Mfanyakazi akifuta faili, linafutika kwenye diski zote kwa sekunde hiyohiyo. Virusi vya kudai fidia vikiyafunga mafaili, vinayafunga pacha wote wawili. Kwa hiyo nina ombi, ufanye wiki hii wakati seva bado nzima: mwambie fundi wako akurudishie faili moja la mwezi uliopita kutoka kwenye chelezo, mbele yako, kwenye kompyuta nyingine. Kama halifunguki, huna chelezo, na hiyo ndiyo kazi ya kumlipa kwanza.